Stoo Haina Meza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na kazi mpya imeanza nayo. Mkuu wangu amenituma kwenye ofisi ya maji, lile jengo la vioo vya bluu, kwa sababu wafanyakazi wa ghorofa ya pili wanalalamika. Macho yanawasha, vichwa vinauma, vifua vinabana. Wakienda nyumbani Ijumaa wanapona, wakirudi Jumatatu ugonjwa wanaukuta mezani unawasubiri. Nimekuwa mkaguzi wa afya kazini kwa miaka ishirini na tatu, na malalamiko ya namna hii nayajua. Nusu huwa ni hewa mbaya, nusu huwa ni kumchukia meneja. Kazi yangu ni kujua nusu ipi ni ipi.

Meneja amenitembeza. Madirisha hayafunguki, yalijengwa hivyo kwa urembo. Hewa yote inatoka kwenye mtambo mmoja mkubwa juu ya dari na kushuka kwa matundu. Meza ni arobaini na moja, kila moja ina namba yake imebandikwa pembeni, jambo ambalo limenifurahisha sana. Mwisho kabisa, upande wa mashariki, kuna mlango wa kijivu. Nimeuliza kuna nini.

"Stoo tu ya vifaa vya usafi," meneja amesema. "Hakai mtu." Ufunguo hakuwa nao.

Nimechora ramani ya ghorofa kwenye karatasi kubwa, na pale kwenye mlango wa kijivu nimeandika: STOO, HAKUNA MTU.

Aliyeniletea kiti cha kukalia wakati nachora ni mama wa usafi, mwembamba, umri wa dada yangu mkubwa. Wanamwita Mama Pole. Mtu akipiga chafya popote kwenye ghorofa ile, yeye husema "pole" bila hata kuinua kichwa kwenye dekio lake. Nimepiga chafya mbili, nimepata pole mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimegawa fomu. Nimesimama katikati ya ofisi nikawaeleza: hakuna jina, ili mtu aseme bila woga, lakini namba ya meza ni lazima, maana bila hiyo sijui ugonjwa umekaa wapi. Nikawaonyesha na muhuri wangu mwekundu, HAIJAKAMILIKA. Niliuchongesha mwenyewe miaka tisa iliyopita, baada ya kesi moja kuharibika kwa sababu ya fomu zilizojazwa nusunusu. "Fomu isiyokamilika haipokelewi," nikasema. Wengine walicheka, na nikasikia mtu kule nyuma akiniita Bwana Muhuri. Nimeshaitwa mabaya zaidi.

Fomu zilizobaki niliziacha kwenye meza ya mapokezi.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Amezitoa moja moja ndipo akasema: "Wewe siku ukifa, malaika akija kukuchukua utamwambia barua yake haina tarehe."

Alhamisi, 6 Machi

Sanduku la fomu limejaa vizuri. Mbili zilikuwa na kasoro: moja haikuwa na tarehe, nyingine haikuwa na namba ya meza. Sikuzisoma. Nimezigonga muhuri, nikatia sahihi, nikaziacha kwa karani wa mapokezi ili wenyewe wazichukue wakazikamilishe. Kufika jioni zilikuwa zimechukuliwa zote mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua kutwa. Kibaraza kinavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu zimetimia. Meza arobaini na moja, fomu arobaini na moja. Siku kama hizi naipenda kazi yangu.

Nimechomeka pini nyekundu kwenye ramani, moja kwa kila meza yenye mgonjwa. Upande wa magharibi ziko chache, huku na huku. Mashariki, kuanzia meza ya thelathini hadi ya mwisho, nyekundu tupu. Mbaya kuliko zote ni ya thelathini na nane, anapokaa karani mmoja mjamzito wa miezi sita. Ameandika kwamba akikohoa anaogopa kumtikisa mtoto. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili.

Jumatano, 12 Machi

Nimeweka kipima hewa katikati ya ofisi tangu asubuhi. Saa tatu hewa ilikuwa nzuri. Saa sita ilikuwa nzito, kaboni dioksidi imepanda mara nne ya ile ya barabarani, yaani watu wanavuta pumzi walizokwisha kuzitoa wenzao. Unyevu nao uko juu. Hii inaeleza vichwa kuuma, ila haielezi vifua, wala haielezi kwa nini mashariki. Nalishuku zulia. Lilibandikwa mwaka jana kwa gundi yenye harufu, na upande ule ndio uliomaliziwa mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimecheka kazini. Nilikuwa nimeinama napima joto karibu na meza ya arobaini na moja, Mama Pole akapita na ndoo yake. Akasimama.

"Mwanangu," akaniuliza, "stoo nayo ni meza namba ngapi?"

"Stoo haina meza, mama."

"Haina kabisa?"

"Mama, meza ni za wanaoandika. Wewe unataka meza ya nini, uanze kututumia bili za maji?"

Akacheka na yeye, akaweka kiganja mdomoni, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akasema, "Haya, nilikuwa nauliza tu," akaenda na ndoo yake.

Jumatatu, 17 Machi

Meneja ananisukuma nimpe kitu cha kuwaonyesha wakubwa wake. Nimemwandikia barua ya muda yenye mambo matatu: zulia ling'olewe, mashine ya fotokopi ihamishwe, na usafi ufanywe mara mbili kwa siku kwa dawa kali ya kuua vijidudu. Hilo la tatu sikulifikiria sana. Ni sentensi ninayoiandika kwenye kila barua, kama salamu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Fotokopi imehamishwa. Hakuna mabadiliko.

Jumatatu, 24 Machi

Ukiingia ghorofa ya pili sasa unakaribishwa na harufu ya klorini tangu kwenye ngazi. Meneja anaivuta kwa pua mbili. "Unasikia, Mkaguzi? Hiyo ndiyo harufu ya usafi." Macho yangu yalitoka machozi. Tukacheka wote wawili, tukadhani ni machozi ya kicheko.

Jumanne, 25 Machi

Karani wa meza ya thelathini na nane amebanwa na kifua saa tano asubuhi, mbele yangu. Midomo ilibadilika rangi. Wenzake walimbeba kwenye kiti chake chenye magurudumu mpaka kwenye lifti, mmoja akimpepea kwa jalada, na Mama Pole akikimbia mbele kufungua milango. Sijui funguo zote zile anazitoa wapi, ana kitita cha kiunoni kama askari wa gereza. Tulipofika chini akaegemea ukuta, naye anahema. Mtu mmoja akamwambia, "Na wewe mama umezeeka, usikimbie." Nami nilifikiri hivyohivyo.

Hospitali wamesema mama na mtoto wako salama. Meneja amemhamishia karani ghorofa ya chini. Nimekosa usingizi kwa ajili yake. Nina binti wa umri ule.

Jumatano, 2 Aprili

Zulia limeng'olewa lote. Vumbi, kelele, na saruji tupu. Kwa siku mbili nilijidanganya kwamba wanapata nafuu. Leo pini zangu mbili za magharibi nimezitoa, za mashariki nimeongeza tatu, kwenye meza jirani na ya thelathini.

Jumanne, 8 Aprili

Mke wangu ameniudhi. Nilikuwa nimetandaza ramani mezani baada ya kula, namweleza jinsi nilivyoshindwa. Amesimamisha cherehani, akaja kuitazama.

"Na wanaosafisha wanasemaje?"

"Hawamo kwenye orodha. Wameajiriwa na kampuni nyingine, wanaletwa tu."

"Kwa hiyo wana pua nyingine."

Nikamwambia aniachie kazi yangu nami nitamwachia vitambaa vyake. Amerudi kwenye cherehani. Cherehani haikunyamaza mpaka nilipokwenda kulala. Nilipokuwa kitandani nilikumbuka sauti ya Mama Pole ya juzi, imekauka kama ya mtu aliyeshinda akiita watoto uwanjani. Nikaamua nitamuuliza. Kisha ikaja wiki ya vikao.

Ijumaa, 11 Aprili

Vikao. Mvua. Hakuna.

Jumanne, 15 Aprili

Nitaiandika siku hii yote, hata kama mkono utachoka.

Mvua ya leo ilikuwa ile ya kupiga mabati mpaka watu waongee kwa kupigiana kelele. Nimekwenda na fundi wa mitambo ya hewa, mzee mmoja mcheshi tunayemwita Fundi Feni, maana nilikuwa nimeishiwa na akili zangu nikaamua kuazima zake. Vipimo vyangu alivitazama kwa heshima, kisha akatoa mfukoni dawa ya mbu, ile ya mzunguko, akaiwasha. "Wewe una mashine," akasema, "mimi nina moshi. Moshi hauna fomu."

Akatembea nao taratibu kati ya meza. Sehemu nyingi moshi ulipanda wima. Tulipopita meza ya thelathini ukaanza kuinama. Ya thelathini na tano, ukalala. Tukaufuata mimi na yeye na makarani wawili nyuma yetu, mpaka kwenye mlango wa kijivu, na pale moshi ukajipenyeza wote chini ya mlango kana kwamba kuna mtu ndani anauvuta kwa mrija.

Fundi akanitazama. "Mtambo unavutia hewa humu ndani. Halafu inakwenda kumwagwa juu ya hawa." Akaonyesha matundu ya dari juu ya meza za mashariki. "Humo kuna nini?"

"Stoo," nikasema. "Hakuna mtu."

Akagonga, kwa adabu tu ya kizee. Na mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Alikuwa ni Mama Pole. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, sahani ya chakula magotini, na sasa amesimama nayo mkononi anaomba radhi, eti alikuwa anakula haraka arudi kazini. Chumba hakina dirisha. Upana wake ni hatua mbili, urefu hatua tatu. Kwenye misumari kuna koti lake, mwavuli wake, na viatu vyake vya kutokea. Kwa miaka kumi na mmoja hapo ndipo anapobadili nguo, anapokula, anapopumzika mgongo, na anapochanganya dawa zake. Kumi na mmoja! Nami nimekwenda na kurudi mbele ya mlango ule wiki sita.

Ile harufu ilinikaba koo. Kwenye ndoo nyingine kulikuwa na maji yenye povu, na pembeni chupa mbili wazi, moja ya klorini na moja ya dawa ya choo yenye asidi. Hizo mbili hazikai ndoo moja. Zikikutana zinatoa moshi wa sumu, jambo ambalo nimewafundisha watu kwenye semina nisizozihesabu.

"Mama, unazichanganya?"

"Barua yako ilisema dawa kali, mwanangu. Meneja alinisomea. Nikaona nikitia zote mbili itakuwa kali zaidi." Akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asifiwe kidogo.

Fundi Feni akalisukuma kabati la mbao lililokuwa ukutani. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni mpaka darini, kuvu nene yenye manyoya, na maji yakichuruzika juu yake. Bomba la kushusha maji ya paa linapita ndani ya ukuta ule na limepasuka. Ofisi ya maji, na maji ndiyo yanayoila. Siku nyingine tungecheka.

Nilimgeukia Mama Pole, na nakiri nilimgeukia kwa hasira, kwa sababu hasira ilikuwa karibu kuliko aibu. "Kwa nini hukusema?"

Akasema taratibu, "Nilisema, mwanangu."

"Ulimwambia nani?"

Hapo meneja akaingia, anahema, anauliza nani ameruhusu kabati lisogezwe, na Mama Pole akainamisha macho akaanza kufunika sahani yake. Sikumuuliza tena. Nilidhani alimwambia meneja, na nikamchukia meneja mchana kutwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetoa amri kwa maandishi: stoo ifungwe leo leo, mtambo uzimwe upande ule, ukuta ubomolewe. Imefanyika kabla ya saa nane. Nimetembea ghorofa nzima kama jogoo.

Jumanne, 22 Aprili

Kipima hewa kinaonyesha kile nilichotaka kuona tangu mwanzo. Makarani wamenipigia makofi. Wa meza ya thelathini na nane amepandishwa kutoka chini kuja kunishukuru, tumbo mbele.

Nikatafuta wa kuniletea kiti, ikawa kijana nisiyemjua. Nikamuuliza meneja, Mama Pole yuko wapi?

"Si ulifunga stoo? Hana pa kuweka vitu vyake. Kampuni yao sasa inaleta watu na gari lenye vifaa vyote, wanasafisha wanaondoka. Mambo ya kisasa." Akanigusa bega. "Asante yako hiyo."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepiga simu kampuni ya usafi mara tatu. Mara ya kwanza wanamtafuta, mara ya pili hayumo kwenye orodha, mara ya tatu wamekata.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua inapungua. Nimeandika kurasa kumi na nne za ripoti. Kila nikifika "idadi ya walioathirika" naondoka kwenda kunywa chai.

Jumamosi, 10 Mei

Karani wa meza ya thelathini na nane ndiye aliyekuwa na namba ya simu ya binti wa Mama Pole. Mke wangu amesema tunakwenda wote, akafunga cherehani katikati ya gauni la mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Vyumba viwili, safi kupita kiasi. Mama Pole amekaa kitandani ameegemezwa mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakataa. Amekwisha kabisa, ila macho ni yaleyale. Binti yake, mwuguzi wa zahanati, ametuambia mapafu yamekakamaa na kwamba yangekuwa na nafuu kama wangeanza dawa mapema. Hospitali kubwa wanataka karatasi inayosema ugonjwa umetoka kazini. Kampuni inasema haijawahi kusikia malalamiko yake.

Nikaketi karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mazuri, lakini nilipofungua mdomo nikapiga chafya.

"Pole," akasema.

Mke wangu akatoka nje.

Nikamwambia nitamwandika kwenye ripoti, na akishaandikwa hawawezi kumkana, watalazimika kumtibu. Nikatoa kwenye mkoba fomu mpya, nikamwekea na kalamu. Akaitazama fomu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka binti akaja kumshika mgongo, na machozi yakamtoka.

"Fomu nyingine," akasema alipopata pumzi. "Haya. Nitaijaza... nikipata nguvu."

Sikuelewa alichocheka. Nilifurahi tu kwamba anacheka.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuu wangu amekataa. Ripoti ni ya wafanyakazi wa jengo wenye namba ya meza, ndivyo utaratibu unavyosema. Nikamwuliza ni nani aliyeandika utaratibu ule wa kijinga. Akanijibu kwa upole kwamba ni mimi, akafungua droo akanionyesha.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika upya utaratibu. Kurasa mbili. Mkuu amesema atautazama wiki ijayo.

Jumatatu, 19 Mei

Mama Pole amefariki alfajiri.

Jumatano, 21 Mei

Tumezika. Jua lilikuwa kali, siku ya kwanza bila wingu tangu Machi. Wa meza za mashariki walikuja karibu wote, na karani mjamzito alikaa kwenye kiti cha plastiki akilia bila kujificha. Meneja alikuja na mchango wa ofisi kwenye bahasha. Akasimama karibu nami, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Angesema mapema."

Nami nikaitikia. Naliandika hili ili nisije nikajisahaulisha: nilitikisa kichwa nikasema, "Kweli."

Jumapili, 1 Juni

Binti yake amekuja nyumbani leo baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alimkaribisha, akamkumbatia, akamwekea chai, kisha akaturudishia mlango sisi wawili.

Akatoa bahasha. "Mama alisema nikuletee hizi zote mbili. Hii mpya hakuweza, mkono ulikuwa unatetemeka. Alisema uichukue hii ya zamani, kama sasa mnazipokea."

"Ya zamani ipi?"

"Alipata fomu iliyobaki mapokezi. Alisema yule bwana ni mtu mzuri, ila anapenda kila kitu kijazwe. Alitembea nayo kwenye mfuko wa aproni mpaka Aprili, anatafuta namba ya meza. Alisema alikuuliza hata wewe."

Aliondoka saa kumi. Sasa ni saa kumi na mbili na bado nimekaa palepale. Mke wangu amekuja, ameisoma akiwa amesimama nyuma yangu, ameweka mkono begani kwangu. Ningependa anitukane.

Fomu imekunjwa mara nne na mikunjo imechakaa, ina doa la maji pembeni. Juu kabisa kuna muhuri mwekundu, HAIJAKAMILIKA, tarehe 6 Machi, na chini yake sahihi yangu, nzuri, yenye mkia. Alisema, na aliyemwambia ni mimi.

Nimechukua kalamu. Kwenye nafasi ya namba ya meza, nafasi pekee iliyokuwa tupu, nimeandika 42. Kesho nitaipeleka kwa mkuu pamoja na muhuri wangu, na asipoipokea nitaketi mlangoni kwake mpaka aipokee. Halafu nikaisoma, kama nilivyotakiwa kuisoma siku ile. Naiandika hapa yote, kwa mwandiko wangu, maana wake ni mzuri kuliko wangu na karatasi ile haitakaa na mimi.

Dalili zako ni zipi? Kikohozi, kifua, macho. Usiku kifua kinalia.

Zilianza lini? Mvua ya mwaka juzi.

Unapata nafuu ukiwa nje ya jengo? Ndiyo. Nikipanda juu kuanika matambara napumua vizuri.

Unadhani chanzo ni nini? Ukuta wa stoo, nyuma ya kabati. Umekuwa mweusi, na mvua ikinyesha unatoa maji. Tundu la dari linavuta hewa ya humo, naona kitambaa changu kikipepea. Nadhani ndiyo inayowaumiza watoto wa meza za mwisho, hasa yule mwenye mimba. Naomba aangaliwe yeye kwanza.

Una jambo lingine la kuongeza? Mkija gongeni tu, nitawafungulia. Funguo ninazo mimi.